Mtoto Asiyevuka

Jumatatu, 11 Mei
Skrini kijani tupu! Programu yangu imekagua maigizo yote ya barabarani, yale ya kompyuta tunayolijaribia gari linalojiendesha. Hakuna kosa hata moja! Bosi wetu, Bwana Aschenbrenner, kanunulia ofisi nzima mikate ya brezeli yenye siagi. Jumatatu ijayo gari linaingia barabarani kweli, dereva mikono mapajani, na litapita barabara kubwa, mbele ya shule ya msingi.

Mimi brezeli yangu nimeiweka kando. Tangu lini sisi tukakosa makosa? Nikafungua igizo la mtoto anayekimbilia mpira, nikalitazama kwa macho yangu. Gari likapita. Mtoto hakutokea! Yuko barabara nyingine kabisa, nyuma ya ghala. Kaandikiwa avuke gari likimkaribia — na halimkaribii ng'o. Kwa hiyo gari halikumgonga mtu. Kwa hiyo limefaulu. Jamani!

Jumanne, 12 Mei
Nimeongeza kanuni moja tu: aliyeandikiwa kuvuka, avuke. Skrini ikawa nyekundu yote. Wazee, waendesha baiskeli, watoto — karibu wote hawavuki. Ramani ilibadilishwa wakati wa baridi, wao wakaachwa kwenye barabara za zamani.

Nikampelekea bosi. Hata hakutazama. Ati kanuni za ukaguzi zilifungwa mwisho wa Aprili, hazibadilishwi tena. Kosa lililoonekana baada ya hapo lisubiri awamu ijayo. Nikamwuliza, na mtoto wa shule naye asubiri awamu ijayo? Akaniambia nipunguze ukali.

Korbinian, jirani yangu wa meza, anacheka. "We Gundula, kijani chetu kimekukosea nini? Kiache kipumzike, keshokutwa sikukuu!" Sikukuu! Watu hawa wamenichosha, wamenichosha kabisa.

Jumatano, 13 Mei
Nimemrudisha mtoto kwenye barabara yake. Gari halikupunguza mwendo hata kidogo. Likamgonga. Nikarudia, Korbinian kasimama nyuma yangu. Likamgonga tena. Kicheko kikamwisha.

"Lakini mie nimeshatia sahihi," akasema, sauti chini. Kesho Sikukuu ya Kupaa Bwana, Ijumaa kila mtu kajichukulia likizo aiunganishe na wikendi, na mizigo ya Korbinian ya safari ya milimani iko tayari garini. Akaondoka bila kuaga. Hapa kwetu gari haliingii barabarani bila sahihi mbili. Imebaki yangu.

Bosi anasema jaribio langu ni batili, nimegusa igizo lililofungwa. Yaani mtoto akiwa pasipo pake ni halali, akiwekwa pake ni batili! Nimemwambia wazi, sahihi yangu hapati. Akasema nifikirie vizuri, akatoka kupokea simu. Mlango hakuufunga sawasawa. Aliyepiga alikuwa mkewe. Nimemsikia akimwambia kuanzia Jumatatu binti yao Vroni asiende shule kwa barabara kubwa, ampitishe njia ya kanisani. "Hapana, hakuna kitu mke wangu, fanya hivyo tu."

Amerudi. Kaweka kalamu mbele yangu, anatabasamu. Naandika haya kanisimamia hapa hapa — anadhani naandaa maelezo ya kutia sahihi, kumbe naandika habari ya Vroni.