Magari Matatu Uliyonichagulia Kabla Hujafa

Kaka Fortu,

Sijui barua ya namna hii huanza na salamu gani. Pale masjala ninapofanya kazi, kila barua huanza na kumbukumbu namba, kisha neno “yahusu”. Nikianza hivyo utanicheka. Basi nasema tu kwamba ni mimi, Koku. Naandika nikiwa ofisini Bukoba, saa ya chakula cha mchana, wenzangu wametoka. Yahusu gari la Mama.

Tangu tulipokuzika kwenye migomba nyuma ya nyumba, yaliyobadilika si mengi. Migomba iliyokanyagwa na waombolezaji imesimama tena. Baba amehamia kiti chako mezani na hakusema kwa nini. Mama bado ana kliniki ya sukari hapa mjini kila baada ya wiki mbili, na ule mguu wa kushoto sasa haukunjiki kabisa. Ulipokuwepo ulikuwa ukimfuata Izigo kwa gari lolote la gereji, ukisema unalijaribu. Ulipoondoka akaanza kupakiwa kwenye pikipiki hadi barabara kuu, mguu umenyooka kando kama mti wa kuni, halafu anasubiri basi. Alikosa kliniki mara mbili. Mara ya pili kidonda kilikuwa kimefunguka na hakumwambia mtu.

Siku ya kumaliza matanga Baba alisimama mbele ya ukoo akagawa kazi zako. Kahawa ilikwenda kwa baba mdogo. Gari likaja kwangu. “Fortu alikwisha kupata magari matatu ya kumfaa mama yenu,” alisema. “Koku atachagua moja, naye ndiye atakayeendesha. Ana leseni.” Watu wote walinitazama. Niliitikia “Ndiyo, Tata,” kisha nikaenda nyuma ya jiko na kukaa huko mpaka watu walipoanza kutawanyika.

Leseni ninayo, wewe ndiye uliyenifundisha. Lakini watu wananiuliza kwa nini naogopa gari wakati wewe hukufa kwa gari. Nitafika hapo. Nataka kwenda kwa utaratibu.

Unakumbuka Baba alitaka gari kubwa la kupakia, la wazi nyuma. Wewe ulibisha. Ulisema Mama hapandi kama gunia. Ulivipenda vile vigari vifupi, vya mlango wa nyuma unaoinuka, vyenye injini kubwa kuliko umbo lao. “Kigari kidogo chenye pumzi,” ulisema, “kinapanda mlima bila kuomba ruhusa.” Nilidhani ulikuwa unajitafutia chako kwa mgongo wa Mama. Bado nadhani hivyo. Sikulaumu.

Rwiza, fundi mwenzako, ndiye aliyekubali kufuatana nami. Hajabadilika. Nilipofika gereji nikiwa na kalamu na karatasi ya mistari niliyoandika maswali, aliisoma yote, akaikunja, akaifutia mikono. “Dada Koku, hili ni gari, si faili. Halifunguliwi kwa kuomba radhi.”

Gari la kwanza lilikuwa lile la buluu, la mwalimu kijana anayekaa Rwamishenye. Tulilikuta limeoshwa, linang'aa. Nilifanya ulivyonifundisha: kabla ya salamu kwisha, kiganja kwenye boneti. Ilikuwa ya moto. Rwiza akamwambia mwalimu, “Umelipasha kama chai ya mgeni.” Mwalimu akacheka, akasema alikuwa amelitoa tu kivulini. Hatukuweza kujua linavyowaka likiwa baridi, nikaliandika hilo kwenye kiganja kwa kuwa karatasi sikuwa nayo tena.

Lina turbo. Kwenye mlima wa Nyangoye nilikanyaga mafuta kidogo tu. Likanyamaza, likafikiri, halafu likaruka kama mtu aliyeng'atwa na siafu. Nilipiga kelele. Mwalimu aliyekaa nyuma alisema hivyo ndivyo linavyopendwa. Usukani wake ni mwepesi na unasikia haraka, breki zinashika, kwenye kona halilali. Ungekuwa wewe ungelizungusha mji mzima. Lakini bampa ya mbele iko chini mno, ilikwangua hata kwenye mtaro mdogo wa kuingilia kwake, na mimi siwezi kuendesha kitu kinachofikiri mambo yake kisha kunishtukiza. Nilimrudishia funguo kwa mikono miwili.

La pili lilikuwa jeupe, Izimbya. Hapa nilifanya kosa, na nalieleza lote kwa sababu najua ungetaka kulisikia.

Baba alikuwa ametoa sharti moja. Gari lisilobeba mkungu wa ndizi bila kuuponda, alisema, si gari, ni kiatu. Kwa hiyo tulipokwenda Izimbya tuliuchukua mkungu kwenye gari la gereji, mkubwa, Baba mwenyewe aliukata, ili tuupime kwenye buti la jeupe. Mwenye gari alikuwa shambani. Tukapokelewa na mkewe, Ma Adelina, mama mnene mwenye sauti ya kwaya. Rwiza akafungua mlango wa nyuma na kuuteremsha mkungu. Ma Adelina akauona.

“Mae waitu! Wageni hawakuja mikono mitupu!”

Kaka, nilikuwa nimefungua mdomo nieleze. Sikuwahi. Alipiga vigelegele, akaupokea mkungu kwa magoti, akaita wakwe zake, na kabla sijapata sentensi ya adabu ya kusema kwamba huo si zawadi bali ni kipimo, nilisikia kisu kikimenya jikoni. Rwiza aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

“Mwambie,” nilimnong'oneza.

“Nimwambie nini? Kwamba umekuja ugenini na ndizi usizotaka kumpa mtu? Mwambie wewe, una elimu.”

Tukakaa. Tukatafuna punje za kahawa za kukaribishia wageni, tukasubiri, tukala ndizi za Baba kwa maharage, na zilikuwa tamu. Mwenye gari alipofika tulikuwa tumekwisha kuwa ndugu. Tulipoomba kulijaribu gari, Ma Adelina alisema mtu aliyeleta mkungu hatoki mikono mitupu hata kama anakwenda na kurudi tu. Akatia kwenye buti maharage, viazi, kapu la maparachichi na jogoo aliyefungwa miguu. Kisha akaja mama mkwe wake, bibi mwenye fimbo, ambaye alikuwa na mtu wa kumwona zahanati na kwake safari ya majaribio ilikuwa safari kama nyingine.

Sasa sikiliza hili. Bibi hakuinama wala hakushikwa mkono. Aligeuka, akakaa, akaingiza miguu mmoja baada ya mwingine, akafunga mlango mwenyewe. Nilifikiria mguu wa Mama.

Njia ya Izimbya unaijua ilivyo mvua ikinyesha, changarawe juu na utelezi chini. Nilitembea na gia ya pili. Jeupe lina mstari mwekundu ubavuni na usukani mdogo wa mbwembwe, lakini haraka hasa halina. Ukilikanyaga linakwenda, ukiliacha linaacha. Shokapu za nyuma zilipiga mara moja tu, kwenye shimo nililolikosea mwenyewe. Rwiza alisema, “Hili limevaa raba lakini ni mzee wa kanisa.” Bibi akamwambia anyamaze, yeye alikuwa anasinzia vizuri.

Jioni Baba aliuliza mkungu ulikaaje kwenye buti. Nikamwambia umeliwa. Nikaeleza. Akacheka mpaka akashika meza. Hakuwa amecheka tangu tulipokuzika. Mama alitoka chumbani kuja kuona ni nini.

Limebaki jekundu.

Hili unalijua. Ni lile la karani mstaafu wa Muleba, ulilokuwa umelileta nyumbani Izigo Jumapili ile baada ya kulitengeneza. Lilikuwa limeegeshwa uani, pua imeelekea barabarani. Funguo zilikuwa mezani karibu na chupa ya chai. Ulikuwa umezungumza habari zake tangu asubuhi, jinsi linavyobadili gia, jinsi injini inavyoimba mshale ukipita katikati. Saa saba mchana ulisema kifua kinabana. Ulikaa chini mlangoni. Baba hajui kuendesha, Mama mguu wake. Mimi nina leseni.

Ulinitazama, kisha ukazitazama funguo.

Nilisema ni gari la mteja. Nilisema klachi yake sijaizoea. Nilichukua simu nikampigia Ta Anatoli, jirani, ambaye alikuwa ibadani na simu ameizima, nikampigia tena, na tena. Alipofika na gari lake saa nzima ilikuwa imepita. Ulifika hospitali ukiwa hai. Daktari alisema mngewahi kidogo, labda. Nimeshika majalada mengi kazini na sijawahi kuona neno lenye nafasi kubwa ndani yake kama hilo.

Baba hajanilaumu. Alinipa gari nichague. Sijui kama hilo ni kusamehe au ni kitu kingine, na siwezi kumwuliza.

Basi Jumamosi karani mstaafu alituletea jekundu nyumbani. Rwiza alidhani tutazunguka barabara ya kijijini. Nilimwambia nataka kwenda hospitali ya jirani, ile uliyofikishwa, na kurudi. Akauliza, “Nani mgonjwa?” Nikasema hakuna, ni umbali mzuri tu wa kupimia. Nilitazama saa, nikawasha.

Klachi yake ni nzito kidogo, inashika juu. Baada ya mara mbili mguu unaielewa. Kaka, ulikuwa umesema kweli. Ni gari zuri kuliko yote matatu. Gia zinaingia kama droo ya kabati jipya. Halishtui mtu. Linakwambia kila kitu kilicho chini ya tairi, na ukilipeleka kwenye kona linakwenda pale pale ulipotazama. Kwenye mlima nilishusha gia moja, likapanda likiimba kama ulivyosema. Sikukosea mahali popote. Mwisho Rwiza akasema, “Koku, kumbe unajua.”

Nilisimama mbele ya lango la hospitali. Dakika kumi na tisa.

Nimekuwa nikijaribu kuiandika sentensi inayofuata na siioni. Dakika kumi na tisa, Kaka. Nilimwambia Rwiza jua limenichoma macho.

Tuliporudi nilimwomba Mama ajaribu kukaa. Kiti cha jekundu kiko chini sana, kimebana pembeni kama kikombe. Alishika paa, akashuka, mguu wa kushoto ukabaki nje. Ikabidi Rwiza aunyanyue kwa mikono na kuuingiza. Mama hakulalamika, ila uso ulibadilika. “Hili sipandi,” alisema, “hili natumbukia.” Karani mstaafu alisema atazoea. Baba alikuwa ananitazama mimi, si gari.

Rwiza akanivuta pembeni. “Fortu angelichukua hili.”

“Najua.”

“Na wewe unaliendesha kama lako.”

Hilo nalo nilijua. Nililitaka. Niliona jinsi ningeishi nalo: kila asubuhi kukaa pale ambapo sikukaa, kuzishika funguo zile, kuipita njia ile kwa dakika kumi na tisa mara mia, kana kwamba mara mia zingefuta ile moja. Nikamtazama Mama akijaribu kutoka. Alikuwa amekwama, ameshika mlango kwa mikono yote miwili, anacheka kwa aibu. Nikaona kwamba nikilichukua jekundu nitakuwa nimejichagulia adhabu, na atakayekaa ndani ya adhabu hiyo ni yeye.

Nimechukua jeupe. Samahani. Ni mzee wa kanisa, nakubali.

Juzi Jumanne nilimpeleka kliniki. Nilitoka Izigo nikiwa nimefunga mkanda na kuufungua na kuufunga. Tulipofika Kemondo ilinibidi nisimame kando nipumue. Mama alidhani nimesimama kwa ajili ya samaki. Alishusha kioo akaita wachuuzi, akabishana nao kwa Kihaya kuhusu macho ya sato mmoja, akamchukua, akanigeukia: “Haya, twende, ataharibika.” Nikaendesha. Daktari alisafisha kidonda akasema hakijaingia ndani, lakini asikose tena. Mama akamwambia, “Sikosi. Mwanangu ana gari.” Hakusema lipi, wala mwana gani. Niliacha liwe hivyo.

Bado naogopa. Nilidhani ningekuandikia baada ya woga kwisha, lakini naona nitachelewa. Wala sikuombi msamaha humu, kwa kuwa huwezi kujibu, na karani haruhusiwi kujiandikia jibu la barua yake mwenyewe. Nakuahidi lile ninaloweza kulitimiza. Siku yoyote mtu wa nyumba ile atakaposhika kifua, sitamtafuta jirani. Nitawasha gari nikitetemeka, na tutaondoka.

Pumzika, Kaka. Wenzangu wanarudi, nawasikia kwenye ngazi.

Mdogo wako,
Kokugonza