Nimenyoosha Mpira wa Mume Wangu kwa Spana, Naye Hajui

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika, maana nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe, na furaha hiyohiyo ndiyo inayoninyima raha.

Nimeolewa juzijuzi tu, hata harufu ya rangi kwenye chumba chetu haijaisha, na mume niliyempata sijui nikueleze vipi unielewe, ni mtu ambaye akiingia mlangoni nasahau sufuria niliyoshika nilikuwa naipeleka wapi, akicheka nami nacheka kabla sijajua kinachochekesha, na asubuhi hunimiminia mimi chai kwanza ndipo ajimiminie yake, hata akiwa amechelewa. Yeye ni mkata nyasi kwenye kiwanja cha gofu na mimi niko hapohapo, kwenye karakana ya fimbo nyuma ya duka, nabadilisha vishikio vilivyochakaa, nagundisha vichwa vilivyong'oka, napima mipini. Ndiko tulikojuana. Alikuja na fimbo akasema kishikio kimelegea, nikakishika, wala hakikuwa kimelegea hata kidogo, lakini nilikibadilisha polepole kabisa ili asiondoke upesi.

Wafanyakazi tunaruhusiwa kucheza siku ambayo wanachama hawachezi, na mume wangu anacheza tangu alipokuwa mdogo akibeba mifuko ya fimbo, ila alikuwa na tatizo moja ambalo lilimpa hata jina. Akipiga kwa draiva, ile fimbo ndefu kuliko zote ya kupigia mpira wa kwanza, mpira unaanza vizuri, watu wanaufuata kwa macho, halafu katikati ya safari unakata kulia na kuishia vichakani au kule yanakoegeshwa magari. Wakamwita Bwana Kona. Akienda kupiga, wenzake wanauliza kwa sauti kama kuna mwenye gari hapa. Anacheka nao, lakini mimi namjua anavyocheka akiwa amefurahi, na kile si kicheko chake.

Baba yake, yaani baba mkwe wangu, alikuwa mbeba fimbo, kisha akawa mkufunzi wa wabeba fimbo wote pale, na ukutani sebuleni kwake imetundikwa draiva ya kizamani yenye kichwa cha mti halisi, kidogo kama ngumi, ambayo alisema zamani kwamba itakuwa ya mtoto wake atakayeipiga ikanyooka. Amefundisha vijana wa watu wengi, ila mume wangu hakumfundisha, alikuwa anasimama pembeni anamtazama tu, na mpira ukikata kona anaondoka bila kusema neno.

Sasa mshauri, draiva za siku hizi ni kitu kingine kabisa, naomba univumilie nikueleze maana hapa ndipo nilipojiponza. Kichwa chake ni kikubwa kama papai dogo lakini ndani ni kitupu, kimetengenezwa kwa titani, na uso wake ni mwembamba kiasi kwamba mpira ukigonga unabonyea kidogo sana na kuurusha mbele kwa nguvu, juu wameweka kaboni nyepesi ili uzito ushuke chini na urudi nyuma, na kwa kuwa uzito umesambazwa pembeni, hata ukigonga nje ya katikati kichwa hakigeuki ovyo, mpira bado unakwenda. Fimbo ya baba mkwe haikusamehe, hii inakusamehe. Tena chini yake kuna skrubu nzito inayoteleza kwenye mfereji, ukiisogeza upande wa mpini uso unawahi kufunga na mpira unapunguza kukimbilia kulia, na pale mpini unapoingia kwenye kichwa kuna pete unayoweza kuizungusha ukaongeza mwinamo wa uso.

Mume wangu aliachiwa draiva ya namna hiyo na mwanachama mmoja aliyenunua nyingine, na yule mwanachama mpira wake hupindia kushoto, kwa hiyo alikuwa ameiweka kinyume kabisa na anavyohitaji mume wangu. Mchana mmoja nikiwa peke yangu karakana nikaona begi lake pembeni, nikachukua spana, nikasogeza skrubu, nikazungusha pete alama mbili, nikairudisha fimbo kama ilivyokuwa. Nilitaka iwe zawadi, nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kumwambia jioni.

Jioni yenyewe alinifuata mbio kutoka uwanja wa mazoezi, akaniinua hadi nikagonga taa, akasema, "Ni wewe. Tangu nikuoe mikono yangu imetulia, mpira umenyooka." Macho yake yalikuwa yanang'aa, mshauri. Wewe ungesema nini? Mimi nilimkumbatia tu.

Tangu hapo amemwambia kila mtu. Wenzake wameacha Kona, sasa wanamwita Bwana Rula. Wifi yangu, ambaye hana siri, aliniuliza mbele ya watu, "Wifi, kaka yetu umemlisha nini? Tupe na sisi tuwalishe wa kwetu," nikacheka, na kwa kweli nilisikia raha. Hata ile fimbo yake nyingine ya kupigia mpira ukiwa umelala kwenye nyasi, ambayo bado tunaiita mbao ingawa siku hizi ni chuma kitupu, nayo imekuwa ikienda vizuri, na ile sijaigusa maana ya kwake haina skrubu wala pete, kichwa kimegundishwa basi, labda ni nyasi zimekatwa vizuri msimu huu.

Jumapili iliyopita tulikwenda kula kwa wakwe zangu na habari za Bwana Rula zilikuwa zimetutangulia. Baba mkwe alimaliza chakula chake, akanawa, akaenda ukutani akaishusha ile fimbo, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akasema, "Jumapili ijayo tutakwenda mazoezini. Ukiipiga ikanyooka, ichukue." Mume wangu aliinuka akakusanya sahani. Tulipokuwa njiani kurudi ndipo aliponiambia kwamba baba yake hajawahi kumpa kitu bila kumuuliza kwanza kama atakivunja.

Mashemeji wote watakuwepo, na wafanyakazi wenzetu. Nikimwambia nitamrudisha kuwa Kona kabla hata hajapiga, tena atajua kwamba yale aliyosema juu yangu hayakuwa kweli. Nikinyamaza, fimbo ya mzee haina skrubu wala msamaha, na mpira utakwenda kwenye magari mbele ya baba yake. Nimewaza nijitie naumwa siku hiyo. Nimpende vipi, mshauri? Niseme au ninyamaze?

Mke wa Bwana Rula

*

Mke wa Bwana Rula,

Hongera ya ndoa. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kwa ajili ya mapenzi, ya pili nikitafuta kosa liko wapi, maana haliko pale unapodhani.

Kugeuza skrubu si kosa. Fimbo ilikuwa imewekwa kwa mikono ya mtu mwingine, wewe ukaiweka kwa mikono ya mwenyewe. Ndiyo kazi unayolipwa kila siku, na angekuomba ungemfanyia akiwa amesimama hapo hapo. Ulichokosa ni kumuuliza, na hilo linasameheka. Kosa kubwa ni la jioni, alipokushukuru kwa jambo ambalo hukulifanya ukapokea, na la wifi yako, alipokuuliza ukacheka. Hapo hapakuwa na spana. Hapo ulikuwa wewe.

Niruhusu nikukaripie kidogo. Unasema unaogopa kumvunja moyo mumeo. Naamini, lakini si lote. Ni raha kuwa mwanamke aliyetuliza mikono ya mume kwa mapenzi tu, na ukisema ukweli utashuka uwe fundi mwenye spana. Huko kushuka ndiko kunakokukwamisha. Mimi sioni aibu yake. Mwanamke anayeijua fimbo ya mumewe mpaka skrubu ya chini, bila kuambiwa, anapenda kwa namna ambayo wengi wetu hatuijui.

Sasa nikuoneshe jambo uliloliandika mwenyewe ukalipita. Gofu naiona tu kwenye televisheni nikitafuta taarifa ya habari, lakini kusoma najua. Umesema ile mbao yake nayo inakwenda vizuri. Hujaigusa. Haina cha kugeuza. Ukasema labda ni nyasi. Nyasi anazikata nani, mama? Si ni yeye, na alikuwa anazikata hata alipokuwa Kona?

Nimempigia simu mtu anayefundisha mchezo huo, akanieleza kwamba anayepindia kulia huzoea kulenga kushoto ili kuuwahi mpira, na akilenga kushoto huukata kwa pembeni, ukapinda zaidi. Anajihami, na kujihami kwenyewe ndiko kunakomponza. Akaniambia pia kwamba skrubu na pete zinasaidia lakini haziwezi kumaliza kona ya namna hiyo peke yake. Siku mpira ulipokwenda sawa, inawezekana mumeo aliacha kujihami, na mikono yake ikafanya iliyobaki. Sehemu ya skrubu ni ipi na ya mikono ni ipi, mimi sijui, wewe hujui, na yeye hajui. Hilo ndilo linalotakiwa kujulikana kabla ya Jumapili, si Jumapili yenyewe mbele ya mashemeji.

Kwa hiyo usijitie mgonjwa. Kesho, kabla hujapata muda wa kupanga maneno mengine mazuri, mpeleke karakana mkiwa wawili. Iweke draiva mezani kichwa juu chini, mwoneshe skrubu ilikuwa wapi na umeileta wapi, mwambie siku uliyofanya na kwa nini ulinyamaza. Usianze kulia, maana ukilia ataacha kukusikiliza aanze kukubembeleza, na haki ya kukasirika utakuwa umemnyima. Akikasirika mwache akasirike. Usimfuate na chai.

Akitulia, mkabidhi spana. Yeye ndiye aamue kama ataacha ilivyo au atairudisha. Kisha nendeni mazoezini, apige kwa namna zote mbili, apige na mbao yake, halafu mtafutie humo karakana draiva moja kuukuu ya kichwa cha mti, sidhani kama itakosekana, apige na hiyo. Wewe simama umtazame, na mpira ukipinda usiondoke.

Ikinyooka, atakwenda Jumapili akijua mikono ni yake. Ikipinda, asiende kubahatisha. Aende mapema kwa baba yake, kabla ya watu, amwambie kwamba fimbo ataipokea baadaye, kwanza anataka afundishwe kuipiga. Mzee aliyefundisha vijana wa watu wengi na wa kwake akamtazama tu, huenda amengoja kuombwa muda wote huo. Huenda pia atakataa. Hata hivyo mumeo atakuwa ameomba kitu ambacho kweli anakitaka, si cha kutundika ukutani tu.

Na kile kishikio ambacho hakikuwa kimelegea. Uliujua uongo wa mumeo siku ileile, ukakibadilisha polepole, na ukaolewa naye. Wewe ulimchagua ukijua. Yeye bado hajapata nafasi hiyo. Mpe kesho.