Kiboko wa Katuma Bado ni Kiboko

Mtani wangu Mwalimu,

Nakuandikia nikiwa Shanwe, kibarazani kwangu. Wewe uko Kibaoni chini ya udongo, umekimbia ubishi. Kufa siyo kujibu, Mfipa.

Ulisema nyangumi zamani alikuwa mnyama wa miguu minne, akaingia majini taratibu mpaka miguu ikaisha. Mimi niliyefika Dar na Tanga, nikaitazama bahari kwa macho haya, nilikataa na leo nakataa. Huyo wa katikati, miguu imeshalegea na mkia haujajua kuogelea, aliishije? Mtoto alimnyonyeshea wapi? Na pua, nani aliipandisha utosini? Viboko wetu wa Mto Katuma kila kiangazi wanabanana kwenye tope, sijaona hata mmoja aliyeota pezi. Nikakwambia labda nyangumi alipanda ungo wa wachawi wa kwenu Ufipa. Ulicheka mpaka chai ikakutoka puani, halafu ukaleta lile lako: "Mnyamwezi, wewe unataka kiangazi kimoja. Mimi nakwambia vizazi na vizazi!"

Siku ya kukuzika nilifanya kazi yangu ya utani. Nilisimama mbele ya jeneza nikasema, amka Mfipa, ujibu habari ya nyangumi. Watu wakacheka, shemeji, mjane wako, naye akacheka huku analia. Nikangoja. Mtani, na mdomo wangu huu wote... nilingoja kweli. Hapo ndipo nilipojua nimeshinda, na ushindi wenyewe hauna ladha. Nitabishana na nani sasa?

Juzi Restituta, binti yako, alikuja kunisalimia, yuko likizo, kidato cha tatu. Akaniuliza habari ya nyangumi aandike nini kwenye mtihani. Nikamwambia, andika la baba yako, ila ukitoka chumba cha mtihani ujue ni hadithi tu. Nikammwagia hoja ya viboko wote wa Katavi. Akaweka kikombe chini, akanitazama kwa yale macho yako:

"Mnyamwezi, wewe unataka kiangazi kimoja."

Mimi! Nikajifanya nafukuza kuku.

Usifurahi, hajanigeuza. Pua ya nyangumi bado inanidai maelezo. Ukikutana na aliyemuumba, muulize. Akisema ulikuwa sahihi, kaa nalo huko huko.

Lala salama, Mfipa. Kiangazi kikikaza nitampeleka binti yako Katuma akawaone viboko, na ninakuahidi, sitamwachia ashinde kirahisi.

Mtani wako,
Mnyamwezi wa Shanwe