Aliyekwenda Kufuata Barafu

Santiago de Cuba,
Jumapili, 6 Agosti

Mdogo wangu mpendwa Eriberto,

Pokea salamu zangu, za Baba, na za mtaa huu ambao bado unakuita kijana wa Leovigildo, ingawa kwenye picha nimeziona mvi zako na nimezihesabu. U hali gani na baridi hiyo ya Quito? Rosaura hajambo? Lianet je, meno ya mbele yameshaota? Sisi huku wazima, tukiliacha kando goti la Baba na joto la mwaka huu, ambalo limekuja na nia mbaya. Umeme unakatika saa sita mchana, unarudi saa kumi, ukijisikia.

Barua hii anakuletea Yoandra, binti wa fundi viatu, anayekuja huko kumwona mama yake. Mpe chakula ashibe, kakonda. Nimeandika kwa mkono kwa sababu haya ninayotaka kukwambia hayasemeki kwenye simu. Kila ukipiga, Baba anajisogeza karibu yangu na kujifanya kasinzia, kumbe sikio lote liko kwako. Nikimpa simu, anakuuliza kama mvua imenyesha. Miaka kumi na moja, Eri, mzee anakuuliza mvua! Nawe unamjibu imenyesha, basi mazungumzo yameisha. Hujaja hata mara moja. Unasema ni kazi, unasema ni hati, lakini mimi nimekubeba mgongoni na nakujua: unauogopa uso wa Baba.

Sasa kuhusu lile ulilouliza. Umeniambia umenunua blenda kubwa inayosaga barafu ikawa kama mchanga, ukatia embe, ndimu, sukari na ramu kama unavyokumbuka, lakini daikiri yako inatoka majimaji, ina ladha ya bomba. Umewatukana wauza maembe wa huko. Usiwatukane sana. Kweli, embe ambalo halikutoka mashamba ya El Caney ni kitu cha njano tu, lakini kosa lako liko pengine.

Nilimuuliza Baba, akasema ati kinywaji hakiandikwi, anayekitaka aje akinywe. Nikamwambia wewe uko mbali. Akasema na yeye pia yuko mbali, hakuna aliyemwonea huruma. Basi nakuibia, nawe usiseme.

Menya embe lililoiva hata ukiligusa linalia. Kata vipande vya ukubwa wa kete ya domino, uvitandaze kwenye sinia visigusane, uweke kwenye friza mpaka kesho yake, ukivitikisa vigongane kama mawe. Nanasi kidogo, hivyo hivyo. Ukipata mapera, yaponde uyachuje mbegu kwanza. Kisha mimina kwenye blenda ramu nyeupe, maji ya ndimu, sukari kijiko kimoja na chumvi ya kushika kwa vidole viwili, ndipo utie matunda kidogo kidogo, usiijaze mashine ikaungua. Kikiwa kizito hata kijiko kinasimama, acha. Basi. Barafu hakuna.

Soma tena hapo. Hakuna barafu hata punje. Ulipokuwa hapa ilikuwepo. Sasa haipo, na sababu ni wewe.

Friza yetu haina maana siku hizi, kwa hiyo masinia yote tunapeleka kwa Zoraida, hapo ng'ambo ya barabara. Unakumbuka nyumba yake iko kwenye laini ya hospitali, umeme wake haukatwi. Ukifungua friza yake utakuta mtaa mzima umelala humo, kila sinia na karatasi ya jina la mwenyewe. Zoraida anasema nyumba yake imegeuka baa ya Leovigildo, na yeye ndiye mhudumu pekee Cuba nzima asiyepewa hata bakshishi ya kubusiwa mkono. Baba anamjibu avumilie, akifa atamwachia goti lake.

Turudi kwenye siku ile uliyoondoka. Baba anatimiza miaka sabini, uani watu wamejaa, meza ya domino imewaka moto, nguruwe yuko kwenye makaa. Jikoni kulikuwa na lile pande la barafu ndani ya beseni, limefunikwa gunia. Saa tisa Baba anakwenda kulivunja aanze daikiri, anafunua gunia, anakuta maji. Alivyopiga kelele unakumbuka mwenyewe. Akakupa ile ndoo ya bluu, akakwambia kimbia kiwandani kabla hawajafunga. Ukaenda.

Usilolijua ni kilichofuata. Baba alikuwa ameshakata embe mabeseni mawili. Akakaa mbele ya mabeseni hayo na kisu mkononi, akawafukuza nzi. Embe likaanza kuwa jeusi, wageni wakaanza kuaga, yeye yupo. Jioni akaja dereva mmoja kutuambia kakuona unapanda lori la Havana na ndoo yako. Siku ya tatu ukapiga simu kutoka Quito.

Wewe ulidhani atakulaani, maana ndani ya nyumba hii hii alikuwa ameapa kwamba mtoto wake akiihama nchi asimwandikie. Hakukulaani. Alisema neno moja tu, kwamba yeye ndiye aliyekutuma. Ati asingekutuma ungeendelea kucheza, lori lingepita, labda ungepata muda wa kufikiri. Watu wakadhani anatania. Lakini mtu aliyesimama nyuma ya kaunta ya hoteli miaka thelathini akivunja barafu, tangu siku hiyo hakuitaka barafu nyumbani kwake. Mwaka uliofuata ndipo akaanza kugandisha matunda yenyewe. Kila aliyemuuliza Eri yuko wapi, alijibiwa kaenda kufuata barafu. Mtaa ukacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Unajua desturi yake ya kumwaga tone la kwanza la ramu pembeni mwa mlango kwa ajili ya Mama na waliotangulia. Mwaka juzi jirani yetu Nicanor, kwa wema wake tu, akamwambia akumwagie na wewe kidogo. Baba aliweka chupa chini. Akamuuliza kama ana haraka ya kumzikia mwanawe, mwanawe yuko hai, kaenda kufuata barafu! Nicanor hakukanyaga kwetu wiki mbili.

Eri, sasa niache nivute pumzi.

Katika barua yako ya kwanza uliniandikia kwamba siku ile Mungu mwenyewe aliimaliza barafu. Ulisema ulikaa tangu asubuhi na tiketi ya ndege ndani ya soksi, hujui utatokaje uani mbele ya watu wote, mara Baba akakutia ndoo mkononi. Hakuwa Mungu. Nilikuwa mimi. Tiketi niliiona Alhamisi nilipokuwa nafua suruali yako, nikairudisha mfukoni. Nikangoja uniambie. Ijumaa kimya, Jumamosi kimya. Nilikasirika, nakwambia kweli. Mimi niliyekulea baada ya Mama, uniage kama jirani? Lakini Jumapili nikakuona pale mezani, zamu yako imefika, watu wanakupigia kelele ucheze, na wewe unaangalia saa, rangi imekutoka. Nikaingia jikoni, nikachukua masufuria mawili ya maji yaliyokuwa yakichemka kwa ajili ya mihogo, nikayamwaga juu ya barafu. Nikarudisha gunia, nikapiga deki.

Kisha nikasimama dirishani nikakutazama unavyokwenda. Hukugeuka. Nilitaka uende na nilitaka nikuite urudi, na mpaka leo sijui lipi nililitaka zaidi. Nimekukumbuka kila siku, Eri. Ninapoanika nguo, ninapomenya embe, nikisikia mtu anaburuta kandambili kama wewe.

Na nilimwacha Baba aubebe mzigo wangu miaka kumi na moja. Mwanzo nilimwogopa. Baadaye niliona haya. Halafu ikawa nimechelewa mno, na kila mwaka nikazidi kuchelewa.

Jumapili iliyopita ametimiza miaka themanini na mmoja. Alikuwa anatengeneza daikiri, mikono inamtetemeka lakini hataki kusaidiwa. Nikamsomea ujumbe wako wa blenda na daikiri ya ladha ya bomba. Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema taratibu, bila kuniangalia, nikwambie uachane na barafu, haina heri, yeye alipoteza mtoto kwa ndoo moja ya barafu. Nilikuwa nimeshika sinia. Nikaliweka chini, nikamwambia yote.

Hapo hapo umeme ukakatika. Blenda ikanyamaza, embe limesagika nusu, na sisi wawili tumesimama. Aliniuliza jambo moja: maji yalikuwa ya moto? Nikasema yalikuwa yanachemka. Akatikisa kichwa. Akasema miaka thelathini na barafu, na siku ile hakujiuliza pande zima limeyeyuka vipi ndani ya gunia. Akaniita mpumbavu. Akajiita na yeye. Kisha akauliza kama usingepewa ndoo ungebaki. Nikamwambia angekwenda tu, Baba, tiketi alikuwa nayo. Akarudia peke yake: angekwenda tu. Angekwenda tu. Nikaona mabega yake yanashuka, akalia, na mimi nikalia.

Alipomaliza kupenga kamasi, akaniambia niende kwa Zoraida nikaombe barafu.

Nilivuka barabara kandambili mkononi. Zoraida aliponiona alijishika kifua, akadhani mzee kafa. Nilipomwambia mzee anataka barafu, hakuniamini, akavuka mwenyewe na bakuli ahakikishe. Baba akatia vipande viwili kwenye glasi, akamwagia lile embe la nusu na ramu, akatega sikio barafu inavyopasuka. Akanywa. Akasema ni majimaji, ni balaa, hapana shaka yako iko hivi hivi. Akamaliza glasi yote, akaomba nyingine.

Kisha akanipa ujumbe, na kaniapisha niuandike kama alivyousema. Ile picha ya blenda uliyotuma, kaiangalia kwa miwani na bila miwani, na nyuma yako dirishani kaiona ndoo ya bluu imepandwa mnanaa. Anasema: "Mwambie hiyo ndoo ni yangu. Ang'oe majani yake, anirudishie. Asimpe mtu alete, aje nayo mwenyewe. Barafu asijali, nimeshapata."

Jana Nicanor akamuuliza habari zako. Kwa mara ya kwanza hakumjibu kwamba umekwenda. Alimwambia uko njiani.

Msalimie Rosaura, mbusu Lianet kwenye mashavu yote mawili, na mwambie ana shangazi mwenye makosa mengi anayempenda. Nisamehe au nikasirikie, lakini fanya hivyo hapa, mbele yangu. Kwa Zoraida nimeacha sinia moja la embe la El Caney. Karatasi yake ina jina lako, na mtaa mzima umeonywa usiliguse.

Ni mimi dada yako,
Migdalia