Aliyekuwa Nyuma Yangu Dukani

Kalemie

Mwadi, mdogo wangu,

Keti kwanza, na kama mumeo, Papa Watoto, yuko mezani, mwache amalize kula kabla hujamsomea. Hamjambo huko Manono? Mguu wako uliovimba wakati wa mvua umepona? Mihogo imekubali, au nguruwe-mwitu wamewatangulia tena shambani? Mimi mwili ni mzima. Nasema mwili, kwa sababu habari niliyo nayo ni ya upande mwingine, nami nataka uipate kwangu kabla hujaipata kwa wasafiri wa treni. Hao wakifika Kabalo huwa wamekwisha kuongeza chumvi.

Nimeshtakiwa wizi. Mimi Numbi, mwenye mvi, niliyekuwa karani katika biro ya bandari mpaka nilipostaafu, nimelazwa kasho, ndani ya mahabusu, pamoja na vijana wanaovunja maduka. Sasa nimerudi nyumbani, lakini kesi haijakwisha, na kwisha kwake kunategemea wewe. Nitaeleza.

Ili uelewe, lazima nianze na marehemu Feza. Tangu tuoane, fedha alishika yeye. Siyo kwa sababu nilikuwa mlevi, kama ulivyowahi kudhani. Ni kwamba mimi kila bei naiona halali, na yeye hakuna bei aliyoiona halali. Tulipokwenda magazini kununua vitu, mimi nilichagua, muuzaji akatia vitu kikapuni, nami nikakibeba nje na kumngoja kivulini. Feza alibaki kwenye kesi, pale pa kulipia, akabishana, akalipa, akatoka. Mgreki mwenye duka alituzoea hivyo. Siku Wagreki walipoondolewa na duka likapewa mwenyeji, huyo naye akatuzoea. Hakuna aliyenitazama nikipita mlangoni na kikapu. Nilikuwa mume wa Feza, na Feza alikuwa nyuma.

Hukuja kumzika. Uliandika kwamba reli ilikuwa imekatika. Nilikuamini, ila sikukusamehe. Nakuambia leo kwa kuwa sina tena nguvu za kukudanganya kwa adabu.

Matanga yalipokwisha, watu walirudi kwao, na kichwa changu nacho kikaanza kuondoka. Usingizi ulikwenda kwanza. Kisha kusoma. Wewe unanijua na vitabu. Sasa nafungua ukurasa, natazama maneno kama mtu anayetazama kundi la siafu, nafunga. Nilianza kuogopa soko, kelele zake, mikono ya watu. Kuna siku nilijikuta stesheni nimevaa koti, bila kujua nilikuwa nampokea nani. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Nimeishi mji huu tangu tulipokimbia vita, wakati ungali ukiitwa kwa jina la mfalme wa wazungu, nimezika hapa watoto na mke, na bado jirani akikosa kuku husema, "Ulizeni kwa yule wa Manono."

Basi, asubuhi moja nilikwenda magazini. Nilichagua sukari, sabuni, na kopo la maziwa. Muuzaji alitia kikapuni. Nikabeba, nikatoka, nikasimama kivulini.

Mwadi, nataka uniamini hapa kama huniamini pengine popote. Sikusahau kulipa, wala sikukusudia kutolipa. Nilijua kabisa kwamba Feza yuko ndani analipa. Nilikuwa hata nimeanza kuchoka kumngoja.

Aliyetoka alikuwa mwenye duka na vijana wake. Nikamwambia asubiri, mama anakuja. Akawageukia watu waliokuwa wakipita.

"Mwizi wa kukimbia ni mutoto," akasema. "Huyu wa kutembea pole pole, njo fundi."

Walicheka. Nilicheka nao kidogo, Mungu anisamehe, maana sikujua kwamba anayesemwa ni mimi. Wakanitwika kikapu kichwani na kunipeleka kwa askari jandarma kwa barabara kuu, ile niliyokuwa nikipita kila asubuhi na kofia yangu nikienda biro. Watu niliowaandikia barua za kazi wakasimama kando na kunitazama. Mmoja tu alinisalimu, naye alifanya hivyo kwa sauti ya kumsalimu mgonjwa.

Jandarma aliyeandika maneno yangu hakuwa mtu mkali. Alikuwa na umri wa mwanangu wa kwanza, kama angeishi.

"Sitwayen, mwananchi mwenzangu, unasema bibi yako alikuwa analipa. Bibi yako iko wapi?"

"Amekufa."

Akaweka kalamu chini. "Alikufa lini?"

"Kabla ya mvua."

"Sasa, Papa, maiti analipa na makuta gani?"

Wenzake walipiga meza kwa kucheka. Na mimi, mtu wa kusoma, niliona kwamba hilo ni swali la haki. Wakaandika kwamba mshtakiwa anadanganya na kudharau serikali.

Jioni akaja Lukala, kaka yake Feza, mkubwa wa ukoo wao. Unakumbuka tulivyogombana baada ya mazishi. Desturi yao, kama yetu, inataka mjane atolewe mfu: wakwe wanamnyoa, wanamwogesha ziwani, na mzee wao anamwambia marehemu kwa jina lake kwamba sasa amwache huyu, aende zake. Nilikataa. Niliwaambia mimi ni Mkristo, sitaki mambo ya ushenzi. Waliondoka kwa hasira, na tangu siku hiyo hakuna mkwe aliyekula kwangu wala kunipa mkono, kwani mjane asiyetolewa mfu ni hatari kwa anayemgusa.

Lukala alisimama mbali na mlango wa kasho, mikono mgongoni.

"Shemeji, tulikuambia. Mufu angali nawe."

Nikamwambia ni uchovu tu, ni kichwa.

"Wewe mwenyewe ulisema kwa jandarma kama alikuwa nyuma yako. Sisi tuongeze nini?"

Angalia jinsi neno moja la kweli lilivyonifunga. Jandarma alilisikia akaona uongo. Lukala alilisikia akaona mzuka. Daktari wa hospitali, niliyepelekwa kwake baadaye, alilisikia akaona ugonjwa. Aliniuliza maswali kwa upole, akaniandikia vidonge ambavyo hospitali haina, akasema huzuni ikikaa muda mrefu bila kutibiwa huharibu akili kama maji yanavyoharibu ukuta wa udongo. Huyo ndiye peke yake aliyeninyooshea mkono. Nilimchukia kuliko wote, kwa sababu nilijua ana haki.

Barua yake ilifika parke, kwa mwendesha mashtaka. Huyo aliniita na kusema kwamba hapendi kumfunga mzee kwa kopo la maziwa, tena mara ya kwanza. Lakini mwenye duka anang'ang'ania, na sheria ni sheria. Ameniruhusu kungojea nyumbani, naye ataifunga kesi kwa sharti moja: mtu wa ukoo aje mbele yake, atie sahihi kwamba atanichunga na kunipeleka kwa daktari. Asipopatikana mpaka siku ya kuitwa tena, mwezi ujao, nitakwenda mbele ya hakimu kama mwizi yeyote, na gereza la hapa, Mwadi, wazee hawatoki wakitembea.

Lukala yuko tayari kutia sahihi kesho. Lakini anataka nitolewe mfu kwanza.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sikumwambia yeye, wala padri, wala daktari. Sikukataa kwa ajili ya Ukristo. Hayo yalikuwa maneno ya mdomoni. Nilikataa kwa sababu sikutaka aambiwe aende zake. Watu wote hawa wananitaka nipone, kila mmoja kwa dawa yake, na hakuna aliyeniuliza nitabaki na nani nikishapona.

Hata hivyo sitaki kufia gerezani kwa jina la mwizi. Kwa hiyo nakuomba wewe, mdogo wangu niliyekubeba mgongoni tukivuka mito, uje unitilie sahihi kama mtoto mtukutu wa shule. Kalamu imekataa kuliandika ombi hilo tangu juzi. Panda treni, pita Kabalo na Nyunzu, na stesheni utanikuta. Nitakwenda kwa daktari, naahidi. Nitameza vidonge vikipatikana. Lakini ziwani siendi.

Nisalimie Papa Watoto, shemeji yangu mvumilivu, na binti yenu mkubwa anayenyonyesha. Mwambie mjomba wetu kipofu kwamba bado naijua sauti yake. Mwalimu wa parokia yenu usimwambie kitu.

Na ukiingia parke, watakuuliza kama mimi ni mwizi, au mwenda wazimu, au mtu wa kufuatwa na wafu. Usijibu haraka. Sema kwanza kwamba mimi ni kaka yako.

Ni mimi mkubwa wako, ninayekungoja,
Numbi