Wilkista hahesabu watoto

Fridah, uko? Wilkista wetu amesahau mtoto wa wenyewe huko Mlima Elgon. Mtoto, bana.

Si unajua hii kambi ya kanisa ya likizo ya Agosti? Wilkista ndiye alikuwa msimamizi, wakawapeleka watoto kuona mapango. Saa ya kurudi dereva akamwambia, "Mama, hesabu watoto twende." Wilkista akamcheka. "Kwetu Bungoma mtoto hahesabiwi, ni kumwitia kifo. Huoni basi limejaa?"

Ati limejaa.

Wakafika Kitale wakiimba. Kila mzazi akachukua wake, Chepkirui akabaki amesimama na sweta mkononi. "Jelimo wangu yuko wapi?" Wilkista akapanda basi, akachungulia chini ya kila kiti. Akashuka. Akapanda tena. Chepkirui akamuuliza polepole, "Kwani mlienda na watoto wangapi?"

Fridah, hakujua.

Wakarudi mlimani mbio. Wakamkuta kwa askari wa msitu, amefunikwa koti, sauti imekauka kwa kuita wenzake. Wilkista akapiga magoti, akamkumbatia akilia.

Jelimo akamnong'onezea, "Na wenzangu waliopotea, mmewapata?"