Picha Niliyoitoa Kabla Haijaiva

Baba,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja hapa studio, mgongo wangu ukielekea lile ziwa ulilolichora kwenye pazia. Mvua imezuia watu. King'ora cha kampuni kimelia, wafanyakazi wamepita na baiskeli zao vichwa chini, hakuna aliyesukuma mlango. Basi nimeona afadhali niseme nawe kuliko kuzungumza na lampu. Usicheke. Nimeshaanza kuzungumza na lampu.

Matanga yako tumeyaondoa Jumamosi. Nguo nyeusi nimevua, nywele nimesuka, watu wamekula wakashiba. Lakini nusura shughuli iharibike kwa sababu yako wewe mwenyewe, mpiga picha wa Likasi nzima, uliyekufa bila kuacha picha yako ya kutundika ukutani.

Baba mdogo Mukendi alikuja kutoka Lubumbashi wiki nyingi kabla, kupanga mambo. Unamjua mdogo wako. Hakukaa, hakunywa maji, aliweka kofia mezani akasema kama mtu anayeagiza soda: "Ngalula, unitoshee foto ya yaya, ile ya mukubwa. Batu bakuye bamuone." Nikamwambia sina picha kubwa ya kaka yake. Akaangua kicheko. "Mutoto ya fotografu akose foto ya baba yake? Apana, iyo ni bongo."

Si uongo, Baba. Tulikuwa nayo moja tu, ile ya kwenye kadi yako ya uraia. Siku ile ofisini walikukalisha kwenye benchi, ukafunga vifungo vya abakosti, lile koti lisilovaliwa na kravati, mpaka kooni, na kijana aliyekupiga picha hakukupa hata nafasi ya kuvuta pumzi. Ulirudi nyumbani umeishika kadi kwa vidole viwili. "Mwangalie uyu," ulisema, "uyu ni muntu polisi banatafuta." Mama alicheka mpaka akasahau ugali wa bukari motoni.

Baba mdogo akaitazama kadi, akasema inatosha, niikuze. Shangazi zangu nao wakaitikia. Mimi roho ikakataa. Watoto wa Baba mdogo hawakukujua. Picha ile ikipanda ukutani, ndiyo ingekuwa wewe kwao maisha yote: jicho limetoka, shingo imekazwa, mtu anayesubiri kuulizwa maswali. Nikaomba muda. Nikamwahidi kwamba katika makopo yetu ya negatifu lazima umo mahali fulani.

Wewe hukuwa mtu wa kukubali kupigwa picha, na hapo ndipo tuliposhindwana siku zote. Nikiinua kamera kwako, ulikuwa na shughuli ya ghafla: filimu inangoja, mteja anaita, pazia limelegea. Ulinijibu neno lilelile, "Miye niko nyuma ya mashini, Ngalula. Nyuma ya mashini akuna muntu." Nikiwa mdogo niliona ni mzaha mzuri. Sasa nikiukumbuka unaniuma.

Basi nikashusha makopo yote ya maziwa kutoka juu ya kabati. Kila asubuhi, kabla ya kufungua, nilisimama dirishani nikiinua negatifu moja moja kwenye mwanga. Watu wote wa mji huu wamo humo, Baba, nyuso nyeusi na nywele nyeupe kama vizuka wa kuchekesha. Maharusi. Wafanyakazi wenye kofia za kiwandani wanaotaka kuonekana na saa ya mkononi. Wale waliokuwa wakiazima koti na kravati yako ya studio, na kisha, baada ya serikali kukataza kravati, walewale tena wamevaa abakosti na hawajui mikono waiweke wapi. Nilikutafuta kwenye vioo, kwenye vivuli. Ulijua kazi yako mno. Hakuna kivuli chako hata kimoja.

Nilichokuta ni mimi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniita kila ukifunga filimu mpya. Picha ya kwanza ya filimu huunguzwa na mwanga upande mmoja wakati wa kuipachika, haiwezi kupewa mteja, na wewe hukupenda kutupa kitu. "Kuya, tuonje mwanga," ulisema, nami nikaacha chochote nilichokuwa nikifanya, nikapanda kwenye kiti hiki. Ukafyatua. Nikashuka. Haikuwa picha, ilikuwa kazi, kama kufagia. Hukuwahi kuichapa hata moja, wala mimi sikuuliza.

Sasa ziko zote, mwanzoni mwa kila filimu. Niko sina meno ya mbele. Niko na sare ya shule, kola imeungua na mwanga. Niko nimenuna, niko nimepaka mafuta mengi, niko na kitambaa cha Mama kichwani. Kuna mwaka mzima ambao nakutazama kwa chuki, Baba, chuki kabisa, ule mwaka niliotaka kwenda kusomea ushonaji Lubumbashi nawe ukasema studio inahitaji mikono. Ulinionea, na niliona kwamba unanionea, na jicho langu linasema hivyo kila filimu. Nawe ulikuwa unaliona. Ulifyatua tu.

Halafu kuna ile ya wiki tuliyomzika Mama. Nilikuwa nimeisahau. Nimeinama, huoni uso, unaona mistari ya nywele zangu na bega moja lililokatwa na ule upande ulioungua. Siku zote ulikuwa ukisema "inua kichwa kidogo". Siku ile hukusema.

Nikasimama dirishani na ule ukanda mkononi, na ndipo nikagundua jambo ambalo mjinga yeyote angeligundua mapema. Mwanga wa studio yetu haubadiliki. Dirisha lile lilipakwa rangi nyeupe kabla sijajua kusoma. Lampu ni zilezile mbili, mahali palepale, ulichora hata alama za miguu yake sakafuni. Ulikuwa na nini cha kuonja? Ungeweza kupiga ukutani, ungeweza kufyatua hewani kama wanavyofanya wapiga picha wote kule sokoni. Hukuhitaji mtu kwenye kiti. Ulinihitaji mimi.

Nililia, Baba. Nilifunga mlango nikalia mpaka Mama Kapinga akagonga. Ndiye yuleyule jirani anayeuza samaki wa ziwa Tshangalele pale kizingitini, anayefanya maharusi wetu wote watoke na harufu ya dagaa. Sikumfungulia. Ningesema nini, kwamba nimegundua baba yangu alikuwa akinitazama?

Baada ya hapo nikawa siwezi kuvumilia zile picha za kwanza za filimu zangu mwenyewe. Tangu ulipoondoka nilikuwa nafyatua kwenye kiti kitupu, bila kufikiri, mazoea tu. Pazia, kiti, ziwa lako. Pazia, kiti, ziwa lako. Nikaanza kujipiga. Naweka kamera kwenye miguu yake mitatu, nageuza ile saa ndogo ya kujifyatua inayolia kama nzi, nakimbia, nakaa. Nimejipiga hivyo wiki nyingi. Nilitaka kumwona yule uliyekuwa ukimwona.

Simpati. Nazichapa, nazianika, nazitazama, na ninachoona ni mwanamke anayesubiri mashine. Uliniambia mara ngapi kuhusu wateja: "Ile sura balileta toka ku nyumba, ubaache nayo. Batachoka. Kisha yabo yenyewe itatoka, njo ufinye mashini." Lakini ile saa hainiachii muda wa kuchoka. Na hata nikikaa muda mrefu, nachoka peke yangu, na kuchoka peke yangu ni kuchoka tu. Kukiwa hakuna mtu ng'ambo ya pili, uso haujui uende wapi. Sikujua upweke ni kitu kinachoweza kupigwa picha. Ninayo rundo zima.

Siku zikaisha. Baba mdogo akatuma neno kutoka Lubumbashi kwamba yuko njiani na shangazi wote, na picha iwe tayari. Nikaingia chumba cheusi na kadi yako.

Niliipiga picha ile picha, kama ulivyokuwa ukiwafanyia watu wanaoleta kadi za marehemu wao, nikaikuza, nikaizamisha karatasi kwenye dawa. Unajua inavyokuja. Kwanza nywele. Kisha nyusi, macho, mstari wa mdomo. Ukaanza kutoka pale chini ya taa nyekundu, Baba, na kwa muda mfupi hukuwa yule mtu wa kadi. Mikunjo ya paji ilikuwa bado. Mishipa ya shingo bado. Ulikuwa na macho tu, na mdomo unaotaka kunituma kitu. Ulikuwa unanitazama.

Nilijua kitakachofuata. Nikisubiri, karatasi itaiva, na ofisi nzima itarudi usoni mwako, kifungo kwa kifungo. Ulinifundisha kwa ukali kwamba picha haitolewi kabla haijaiva, mpaka ukanichapa mkono siku moja kwa sababu ya picha ya harusi ya watu. Nikaitoa. Nikaitumbukiza kwenye dawa inayoizuia picha isiendelee kuiva. Tangu nianze kazi hii ni mara ya kwanza nimempa mtu picha ambayo si ile aliyoniagiza.

Baba mdogo alipoiona imetundikwa, ya kijivu, imefifia kama imeoshwa mara nyingi, akanivuta pembeni. "Ngalula, foto aijaiva. Unatupatisha haya mbele ya batu." Shangazi mmoja akasema pengine dawa ilikuwa ya zamani. Sikujitetea. Nilisimama chini yake na kitambaa changu kipya, natamani ardhi inimeze, nikifikiri kwamba nimekuharibia siku yako kwa ukaidi, na ukaidi huo nimeurithi kwako.

Kisha Mama Kapinga akaingia na sahani. Akasimama. Akaiweka sahani chini polepole. "Eh," alisema, "njo yeye. Njo vile alikuwa anatuangaliaka." Akaanza kulia kwa wimbo wa kwao, wa Kasai, ule uliokuwa ukiuimba kwa mdomo uliofungwa ukipanga taa. Baba mdogo akageuka akaitazama tena. Alitazama sana. Alivua kofia, na kabla ya kurudi Lubumbashi aliniomba niichape nyingine, hivyohivyo, nisiiguse.

Walipoondoka wote, nyumba ikanyamaza kwa namna ambayo sikuijua hata siku uliyokufa. Siku ile kulikuwa na watu. Mama Kapinga alibaki kuosha vyombo. Alikuwa anafuta mikono kwenye kitenge chake akaniuliza, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Na weye, Ngalula, nani anakupigaka foto?"

Niliweka chini sahani niliyokuwa nikiikausha.

Nikaenda nikaleta kamera nikampa. Hajawahi kushika moja maisha yake. Aliishika kama samaki aliye hai. Nikakaa, nikaweka uso niliouleta toka nyumbani, nikasubiri. Naye hakufyatua. Aliuliza tundu la kuangalia liko upande gani. Alilalamika magoti. Alinieleza jinsi ulivyokuwa ukibishana naye kuhusu kichwa cha samaki, kwamba kichwa kikubwa ni hasara, na siku ya pili yake unakuja kuomba vichwa vya supu. Akaniambia mambo yako ambayo sikuyajua. Kwamba ulikuwa ukijisifu juu yangu. Kwamba ulimwambia mimi nina jicho kuliko wewe. Ulimwambia mwuza samaki, Baba, hukuniambia mimi! Nilitaka kukasirika, nikacheka, nikalia, na sijui ni saa ngapi alifyatua.

Nimeichapa asubuhi ya leo. Imeenda upande, juu ya kichwa changu kumekatwa, na kidole chake kimekula kona nzima. Ungeitupa. Mimi naitazama toka asubuhi. Mwanamke aliye humo hasubiri mashine. Kuna mtu mbele yake.

Ulituangalia sote, ukaondoka bila kukubali kuangaliwa. Kazi yako nitaifuata, dawa zako, taa zako, ukali wako hata. Hilo moja sitakufuata, nakuahidi. Nitakaa mbele, na atakayenipiga vibaya anipige vibaya.

Lala vizuri, Baba. Mama Kapinga yuko mlangoni, amelowa chapachapa, anasema anataka kujaribu tena.

Mtoto wako,
Ngalula